Rili za kumwagilia mashamba makubwa: pigeni hesabu ya maji na presha kabla ya kulipia mashine

mnyunyizi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila kiangazi kikianza napokea ujumbe wa aina moja. Mtu ameona video ya ile mashine yenye ngoma kubwa ya bomba, mzinga (kinyunyizi kikubwa) unarusha maji kama mvua shambani, anauliza inapatikana wapi na kwa bei gani. Kazi yangu ni kufunga na kuhudumia mifumo ya umwagiliaji, na mashine hii naipenda sana. Ndiyo maana naumia nikiikuta imeegeshwa chini ya mwembe, majani yameota kwenye magurudumu, mwenye shamba kashindwa dizeli.

Kwa ambaye hajaiona: rili ni tela lenye ngoma, na kwenye ngoma limeviringishwa bomba gumu la plastiki. Zipo ndogo zenye bomba la milimita 50 na zipo kubwa zinazopita milimita 120. Urefu ni kuanzia mita 200 hivi hadi 600 na zaidi. Mwisho wa bomba kuna kigari kilichobeba mzinga. Trekta inakivuta kigari hadi ng'ambo ya shamba, unafungua maji, na maji yenyewe yakipita kwenye turbaini (gurudumu linalosukumwa na maji) yanazungusha gia, gia inazungusha ngoma, bomba linarudi polepole kwa mwendo uliouweka, tuseme mita 25 kwa saa. Kigari kinarudi kikinyunyiza. Kikifika kwenye tela kinagusa mkono wa kuzimia, mashine inasimama. Hakuna vijana wa kuhamisha mipira usiku wa manane.

Uzuri wake ni huo, na mwingine ni kwamba inahama. Una shamba Ismani na lingine la kukodi kilomita 8 mbele? Unaifunga kwenye trekta unaondoka nayo. Shamba lina pembe tatu, lina miti katikati, lina kichuguu? Haijali.

Sasa gharama iliyojificha. Mzinga ili urushe maji mita 45 na matone yapasuke vizuri unahitaji presha ya baa 4 hadi 5 pale kwenye nozeli, mdomo wa mzinga. Baa 1 ni sawa na kunyanyua maji mita 10. Ongeza presha inayopotea ndani ya bomba refu, ongeza inayoliwa na turbaini, ongeza kimo kutoka mtoni hadi shambani. Nichukue mfano wa kawaida: mita za ujazo 50 kwa saa, bomba la mita 350 lenye kipenyo cha ndani cha milimita 90. Nozeli baa 4.5, bomba baa 1.6, turbaini na vikorokoro vingine karibu baa 0.8. Hapo umefika baa 7 kwenye mlango wa mashine. Kama mto uko mita 20 chini ya shamba, hiyo ni baa 2 nyingine, na bomba kuu nalo linakula kidogo. Pampu lazima isukume kama inapandisha maji mita 95.

Nguvu inayohitajika kwenye shafti ya pampu hapo ni kilowati 20 hivi. Injini ya dizeli iliyo nzima itakunywa lita 5 hadi 6 kwa saa. Mkondo mmoja, yaani safari moja ya kigari, wa mita 350 kwa upana wa mita 60, kwa mwendo wa mita 25 kwa saa, unachukua saa 14, unaloesha hekta 2.1 kwa maji ya kina cha milimita 33, na unakula dizeli lita 77 hivi. Gawa: karibu lita 37 kwa hekta kwa kila mzunguko.

Mkulima anayetaka kuokoa mahindi yake mvua ikikatika mwezi wa pili, akapiga mizunguko mitatu, anatumia lita 110 kwa hekta. Mara nyingi hiyo inalipa, maana bila yale maji angekosa mavuno yote. Anayetaka kulima mahindi ya kiangazi mwanzo hadi mwisho atahitaji mizunguko kama 19. Hizo ni lita 700 kwa hekta. Zidisheni kwa bei ya dizeli ya kwenu halafu mlinganishe na bei ya gunia.

Ninachosema ni hiki: rili ni mashine ya kuisaidia mvua. Ukitaka ikae badala ya mvua kwa msimu mzima, zao lazima liwe la bei kubwa: viazi, vitunguu, mbegu za mahindi, mboga za mkataba. Hata Ulaya ilikoenea, kwenye viazi vya mashariki mwa Uingereza, Ujerumani ya kaskazini na bonde la mto Po Italia, mvua inanyesha. Mashine inaziba mapengo.

Karibuni kwa maswali, nitajibu kadiri nitakavyoweza.

ekari80

Mkuu asante kwa uzi huu, umekuja wakati wake. Nina ekari 80 Iringa vijijini, tambarare, mto unapita pembeni. Muuzaji ameniambia rili moja ya mita 400 inatosha shamba lote, kwamba naihamisha tu kila siku. Kwa hesabu zako ni kweli?

mnyunyizi

Ndugu yangu, kuhamisha utahamisha, lakini utakapomaliza ekari ya 80, ile ya kwanza itakuwa imeshakauka.

Angalia hivi. Kiangazi cha Iringa zao lililofunika ardhi linakunywa milimita 5 hivi kwa siku, yaani mita za ujazo 50 kwa hekta. Mzinga hauna ufanisi wa asilimia 100. Upepo unachukua, jua linachukua, mgawanyo haulingani. Weka asilimia 70, kwa hiyo unatakiwa kupampu mita za ujazo 71 kwa hekta kila siku. Rili ya mita 50 za ujazo kwa saa ikifanya kazi saa 20 kwa siku, ambayo ni kazi kwelikweli, inatoa 1,000. Gawa kwa 71: hekta 14. Ni ekari 35.

Ekari zako 80 ni hekta 32. Zinataka mita za ujazo 114 kwa saa, karibu lita 32 kwa sekunde, kwa saa hizo hizo 20. Yaani rili mbili kubwa au tatu za kati. Na kabla ya rili, je, mto wako una lita 32 kwa sekunde mwezi wa kumi? Hilo ndilo swali la kwanza kabisa, muuzaji hawezi kukujibia.

Urefu wa bomba anaokutajia hauna uhusiano na kiasi cha maji. Bomba refu linapunguza idadi ya kuhamisha, basi. Tena bomba refu lililo jembamba ni mzigo. Ule mfano wangu wa mita 350, ukibadilisha kipenyo cha ndani kutoka milimita 90 kwenda 75, presha inayopotea bombani inaruka kutoka baa 1.6 hadi baa 3.8, maji yakiwa yale yale. Mashine itakuwa ya bei nafuu zaidi dukani, na utailipia tofauti yake kwenye dizeli kila siku unayoiwasha. Muulize muuzaji kipenyo cha ndani. Cha nje hakikusaidii, na wengi wanatangaza cha nje.

mpenda_pivoti

Mimi nasema wazi, kwa shamba kubwa tambarare rili ni kupoteza fedha. Pivoti, ule mkono mrefu wa mabomba juu ya magurudumu unaozunguka nguzo ya katikati ya shamba, inaingiwa na baa 2 au 3 tu, inaloesha sawasawa, haina trekta ya kuvutavuta. Kwa nini mtu anunue rili?

mnyunyizi

Mkuu kwa shamba lako la mraba, tambarare, lenye hati ya muda mrefu, nakuunga mkono. Pivoti itakushinda mwanzoni kwa bei ya kununua lakini kwenye kuendesha itakuokoa.

Ila wakulima wengi ninaokutana nao hawana shamba hilo. Wana vipande vinne, viwili vya kukodi, mwenye ardhi anaweza kukuambia mwakani mwanangu atalima mwenyewe. Pivoti huwezi kuing'oa ukaondoka nayo kwa siku moja. Viazi navyo havitakiwi kurudi kipande kile kile kila mwaka kwa sababu ya magonjwa ya udongo, hasa mnyauko bakteria. Mkulima wa viazi anazunguka, na mashine yake inabidi izunguke naye.

Kuna pia njia ya katikati ambayo watu hawaizungumzii: badala ya mzinga unafunga bumu kwenye kigari, mkono mrefu wa mabomba wenye vinyunyizi vidogo. Presha inayotakiwa kwenye kigari inashuka hadi baa 2 au chini yake, na upepo hauchezei maji kiasi kile.

ndume_wa_timau

Habari zenu wenzangu wa Tanzania. Mimi niko upande wa Timau, Kenya, tunalima viazi na nyasi za ng'ombe. Nathibitisha hilo la bumu. Huku upepo wa mchana unatoka mlimani na unasumbua sana. Kwa mzinga tulikuwa tunapata michirizi, sehemu mbichi na sehemu kavu, na viazi vinaonyesha tofauti hiyo wazi wakati wa kuchimba. Bumu imetulia zaidi. Ubaya wake ni kuikunja na kuikunjua kila unapohama, inataka watu wawili na ardhi isiyo na mawe mengi.

Kwa nyasi tumebaki na mzinga, tunamwagilia usiku.

Na kibali jamani. Huku kwetu ni WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Usipampu mto kwa pampu ya ukubwa huu ukidhani hakuna anayeona.

mnyunyizi

Ndugu wa Timau, asante sana. Hilo la upepo ni la kuzingatia. Mzinga unaorusha mita 45 una duara la mita 90, na hewa ikiwa tulivu unaweza kuacha mita 60 kati ya mkondo na mkondo. Mahali penye upepo shuka hadi mita 45 hivi. Ukishuka umeongeza idadi ya mikondo na muda wa kumaliza shamba, kwa hiyo hata hesabu ya hekta inabadilika.

Kwa Tanzania kibali kinatolewa na bodi ya maji ya bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Iringa uko Bonde la Rufiji. Nawasihi sana kuhusu hili. Mto Ruaha Mkuu tangu 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na sote tunajua matumizi ya maji huko juu yana mchango mkubwa. Kuna wanyama, kuna wavuvi, kuna mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu chini yetu. Mtu akikupa lita 15 kwa sekunde, panga shamba la lita 15.

jua_la_saa_sita

Je tukifunga sola tuondokane na dizeli? Nina paneli tayari za kilowati 10 kwenye kisima.

mnyunyizi

Kilowati 10 haitoshi kwa mfano wangu. Pampu inataka kilowati 20 kwenye shafti, kwa hiyo paneli zinakwenda kilowati 30 hivi ili upate saa chache nzuri. Tatizo kubwa zaidi ni presha kubadilika. Wingu likipita pampu inapunguza mwendo, mzinga unaacha kupasua matone, turbaini inapungua nguvu, kigari kinakwenda kwa mwendo mwingine. Unapata shamba lenye viraka. Tena saa za jua kali ndizo saa za upepo, na mzinga unafanya kazi vizuri usiku.

Sola itumie kupandisha maji kwenye bwawa lililo juu ya shamba mchana kutwa, polepole. Kama umebahatika kuwa na kilima, kila mita 10 za kimo ni baa 1 uliyoipata bure. Halafu dizeli au umeme wa gridi unaongeza iliyobaki. Ukiwa na umeme wa njia tatu (three-phase) wa TANESCO karibu, piga hesabu ya hiyo kwanza.

dada_malisho

Kaka mnyunyizi na wengine, shikamooni kwa mliotutangulia. Mimi nasimamia shamba la ng'ombe wa maziwa mkoani Tanga, tuna rili ya mzinga kwa ajili ya malisho. Naomba niongeze ya uendeshaji maana hapo ndipo mashine zinapofia.

Dereva wa trekta ndiye mtu wa kwanza wa kufundishwa. Bomba la mita 350 la ukubwa alioutaja kaka, likiwa limejaa maji, linazidi tani 3. Ukiondoka kwa kasi ngoma inazunguka kuliko trekta inavyovuta, bomba linalegea, linajikunja, na bomba la aina hii likishavunjika mkunjo limeharibika. Taratibu, mwendo wa mtu anayetembea, na breki ya ngoma iwe inafanya kazi. Kusimama pia usikanyage ghafla. Na yale mazunguko ya mwisho kwenye ngoma yasitoke yote.

Miguu ya kushikilia tela izame ardhini kabla hujavuta. Bomba likiwa tupu na limekaa juani saa sita linalainika, usiliviringishe hivyo, lijaze maji kwanza lipoe.

Na usalama. Maji yanayotoka kwenye mzinga karibu na nozeli yanaweza kumuumiza mtu vibaya. Watoto wanapenda kucheza hapo. Nyaya za umeme ndizo zinazoniogopesha zaidi, mkondo wa maji usifike kwenye nyaya kabisa, pangeni mikondo mbali na laini.

mnyunyizi

Dada, marahaba, na ahsante. Hayo uliyoandika yangebandikwa kwenye mlango wa kila tela.

Niongeze tu kwamba mzinga hauzunguki duara zima. Unawekwa uzunguke kama theluthi mbili ya duara kuelekea nyuma, ili njia ambayo kigari kitapita ibaki kavu. Ukikuta kigari kinazama kwenye tope, mara nyingi ni kwa sababu kuna mtu amechezea vile vizuizi vya kuzungukia.

mfinyanzi

Udongo wangu ni mfinyanzi mweusi, ukikauka unapasuka. Rili itanifaa?

mnyunyizi

Kwa tahadhari. Matone ya mzinga ni mazito, yakipiga mfinyanzi ulio wazi, hasa baada ya kupanda, yanaugonga na kutengeneza gamba juu, mbegu inashindwa kutoboa. Pia mzinga wa mfano wangu unashusha karibu milimita 12 kwa saa pale ulipo, na mfinyanzi ukishafunga nyufa zake haumezi kasi hiyo. Maji yatakimbia. Kabla ya miche kufunika ardhi tumia bumu, au nozeli ndogo yenye presha kubwa kidogo na mwendo wa haraka, milimita 12 au 15 kwa safari. Baadaye majani yakifunika utaongeza.

fundi_wa_zamani

Wakuu, kuna rili za mtumba zinaingia kutoka Ulaya, Bauer na za Kiitaliano nyingi. Chuma kizuri. Kwa anayenunua: achana na rangi. Lifungueni bomba lote hadi mwisho mlitazame, msikubali kuambiwa tu ni zima. Tafuteni lilipobonyea na kuwa bapa, tafuteni viungo vya kulehemu, kila kiungo kihesabiwe. Zungusha turbaini kwa mkono, sikiliza beringi. Angalia mnyororo, na ule mkono unaopanga bomba kwenye ngoma lisipande juu ya jingine. Pima tundu la nozeli kwa kipimo cha fundi. Nozeli iliyolika kwa mchanga inatoa maji mengi na presha inashuka, mmiliki anabaki anailaumu pampu.

Ulizeni pia inajizima kwa namna gani mwisho wa safari. Nyingine zinafunga maji, presha inapanda, na pampu yenu lazima iwe na swichi ya kuzima presha ikipanda. Nyingine zinafungulia maji, presha inashuka. Ukichanganya aina ya mashine na aina ya swichi, pampu itakesha inafanya kazi huku hakuna anayejua.

mnyunyizi

Mzee fundi umemaliza. Hasa hilo la swichi. Ukishawasha mashine kwa mara ya kwanza, panga vikopo vinavyofanana kukata mkondo, kila mita 5, toka upande huu hadi ule, acha kigari kipite, pima maji. Ni kazi ya nusu siku. Hakuna kitabu kitakachokueleza shamba lako kama vile vikopo.

ekari80

Nimerudi wakuu. Nimekwenda kupima mto na afisa umwagiliaji wa wilaya. Kwa sasa unapitisha kama lita 40 kwa sekunde, lakini chini yangu kuna vijiji viwili na skimu ya mpunga. Afisa anasema nisitarajie zaidi ya lita 14 au 15 za kibali. Ndiyo nimeshuka hadi ekari 30?

mnyunyizi

Safi sana, umefanya jambo ambalo wengi wanalifanya baada ya kununua. Lita 14 kwa sekunde ndiyo mita za ujazo 50 kwa saa, mfano wetu wenyewe.

Hujashuka hadi ekari 30. Kiangazi weka ekari 30 za viazi au vitunguu, hizo rili moja inazimudu na nafasi kidogo ya kupumua. Zile 50 zibaki mahindi ya masika, na ndipo mashine itakapokulipa mara ya pili. Viazi vikishatoka, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja zipitie ekari 50 na milimita 25, unapanda, mbegu inaota kabla mvua haijatulia. Hekta 20 kwa mikondo miwili kwa siku ni siku tano. Halafu mashine inakaa tayari kwa kile kipindi cha ukame cha katikati ya msimu.

Nunua yenye kipenyo cha ndani kisichopungua milimita 90. Bomba kuu lizikwe katikati ya shamba, lenye valvu za kuunganishia kila mita 60, ili usiburute mabomba ya juu. Ukishapata kibali, weka hapa lita walizoandika, tofauti ya kimo kutoka mtoni hadi kona ya juu kabisa ya shamba, na umbali wake. Tutachagua pampu pamoja.